Mashine Ikila Upepo

Baba,

Pokea salamu zangu kwanza, halafu pokea malalamiko. Kaka Masanja anataka niuze mashine. Mashine hii ya kusaga hapa Ilembo, niliyoinunua kwa tumbaku yangu mwenyewe, yeye hakuchangia hata mkanda. Na wewe nawe ulizoea kuwaambia watu, "Hiyo ni mashine ya wanangu." Wanao gani, Baba? Haya, tuyaache.

Sababu yake ni kwamba nakusikia. Tangu tumalize matanga yako, nikiwa nasaga, unaniita: "Kabula! Inakula upepo!" Sauti yako kabisa, na ule mkwaruzo wa koo. Nageukia pale mlangoni ulipokuwa unakaa tangu macho yalipogoma, naona magunia tu. Nikamwambia Masanja, nikidhani kaka atanifariji. Akaruka: "Marehemu akikuita usiitike! Ukiitika unamfuata." Ameshawatangazia ndugu wote. Hata wateja wananiangalia mdomo.

Niliogopa, sikufichi. Nikawa nauma midomo. Lakini kumnyima baba jibu… wewe uliyenifunza kwamba mtoto akiitwa anaitika kwanza, kuuliza baadaye.

Ila unanijua, mimi ni mtu wa hesabu. Jumamosi foleni ilipokwisha, nikajaribu. Mashine imezimwa: huniiti. Inanguruma, imejaa mahindi: huniiti. Nikaacha mahindi yapungue, yapungue, ule muungurumo ukaanza kupanda, ukawa mwembamba kama inzi ndani ya chupa, na hapohapo: "Kabula!" Nikarudia. Vilevile.

Nikakaa kwenye magunia yako, nikacheka, halafu nikalia.

Kumbe ndiyo hiyo. Miaka yote, sauti ikipanda, wewe usiyeona ndiye uliyekuwa wa kwanza kujua mahindi yanakwisha na mashine inakula upepo, ukaniita. Masikio yangu hayajawahi kupata muungurumo ule bila wito wako. Sasa kichwa kikisikia mwanzo, kinamalizia chenyewe. Na wewe uliwahi kuniambia! Siku ile nilipokuuliza umejuaje nimenuna, ukasema, "Mlango umeubamiza. Sura yako nimeimalizia mwenyewe." Nikadhani unanitania.

Basi siyo kaburi linaloniita. Hofu imeniisha, lakini na mimi nimepungukiwa, maana nilianza kupenda iwe ni wewe. Halafu nikawaza: sauti hiyo kaiweka nani humu kichwani? Ni wewe, kwa kuniita kila siku. Masanja angekaa hapa nawe hata msimu mmoja, angekuwa nayo.

Kinachonitisha sasa ni kingine. Mazoea yakikosa wa kuyajibu hufa. Nikiuza mashine, au nikiendelea kufunga mdomo, kichwa kitachoka kukumalizia. Nitabaki na muungurumo mtupu.

Jana foleni ilikuwa mpaka nje. Mama mmoja wa Katumba ameinama kufunga kiroba chake, sauti ikapanda, ukaniita. Nikaitika mbele ya watu wote, kwa sauti ya kushinda injini: "Abee, Baba!" Nikamwaga mahindi. Muungurumo ukashuka, ukatulia, kama ulivyokuwa unatulia wewe ukishajibiwa. Mama yule akaniuliza nani kaita. Nikamwambia, mahindi yalikuwa yanakwisha.

Pumzika, mzee wangu. Masanja nitamalizana naye mwenyewe. Mashine siuzi. Wewe ita tu. Nitaitika, na mahindi nitaongeza.

Mwanao,
Kabula