Ulimi wa Baba

Kaka yangu,

Huku hatujambo, ila goti la mama linamsumbua, na yule mbuzi wako mweusi amezaa mapacha. Paa la jikoni bado linavuja. Baba amesema atalitengeneza, nawe unaijua "kesho" ya baba.

Habari ya barabara ya wazungu umeshaisikia. Itapita juu ya kaburi la babu. Baba alipoambiwa ahamishe mifupa, aliwafukuza askari kwa nyundo yake ya uhunzi. Jumatatu anashtakiwa mbele ya Bwana Mkubwa, na mkalimani ni wewe.

Mama anakusihi: baba akitukana, wewe sema ameomba radhi. Bwana Mkubwa hajui lugha yetu, baba hajui yake. Nani atajua? Mzee arudi nyumbani, yaishe.

Nami niliona hivyo hivyo, mpaka jana. Baba alikuwa anafua jembe, akaniita bila kuinua macho.

"Kaka yako alikufundisha lugha ya wale?"

"Kidogo, baba."

"Basi Jumatatu utasimama nyuma yangu. Kila atakalosema kaka yako, uniambie. Nataka kujua kama yule bado ni mwanangu, au ameshakuwa mtu wao."

Kaka, maji yamezidi unga. Ukisema kweli, watamfunga. Ukisema uongo, atanigeukia aniulize mbele ya watu wote, na mimi sijawahi kumdanganya baba.

Ukiingia, tafadhali usinitazame.

Mdogo wako