Kuuza Haiko Kuuzisha

Kolwezi, leo lundi, siku ya kwanza ya juma. Mvua tangu asubui, matope nyekundu mpaka ku magoti, na roho yangu inachemuka kama sufuria ya maharagi.

Bote banaeleza ii habari mubaya. Television inaieleza mubaya. Bacreuseur, bale bantu ba kuchimba, banaieleza mubaya kila asubui bakipita na mataa ku kichwa. Hata pastori alijaribu kuieleza mu mahubiri, akaiharibu kabisa. Mi mwenye naikala mulango kwa mulango na ule mama, njo najua namna ilipita. Mukamate kiti.

Mi sikusoma. Masomo yangu iliishia ku kiwanja ya mupira. Naandika hapa mu telefone na kidole moya, juu kile kingine kilivunjika siku nilizuia penalti ya bantu ba treni. Ile balo niliipiga ngumi, ikaruka ukuta, ikaanguka ndani ya wagon yenye ilikuwa inatembea, ikaenda nayo mpaka Mutshatsha. Chef ya gare, mukubwa ya kituo cha treni kule, aliirudisha kiisha siku mbili, pamoja na gunia ya makala, juu ya heshima.

Sawa. Sasa munajua munasoma nani.

Kifuniko ni mutoto ya Mama Vero, jirani yangu hapa Kasulo. Ni golikipa ya équipe yetu, analala ku kambi ya bachezaji. Banamuita Kifuniko juu akisimama mu goli ni kama sufuria imefunikwa, hata moshi haitoke. Nani alimufundisha kuruka? Mi sipendi kujisifu. Ni mi.

Kesho asubui komite ya équipe itaikala kikao juu yake. Abakie, ao bamufukuze.

Juu ya neno moya. Hata haiko neno muzima, ni kipande cha neno.

Weye mwenye unasoma kule Mombasa ao Dar, unisikilize muzuri. Huku kwetu, kuuza ni kutoa makuta, ni kusema feza, na kurudi ku nyumba na kitu. Kutoa kitu na kubakia na makuta, ile tunaita kuuzisha. Nikienda ku soko kuuza chumvi, narudia na chumvi. Mama ya ku meza njo ananiuzisha. Mutoto mwenye hajaota meno anajua ii.

Sasa sikia. Mama Vero alikuwa anaangaliaka mupira ya mutoto yake akisimama mu mulango kwa Tata Hadji. Tata Hadji ni muchuuzi, bantu yake balitoka Kasongo, eko na malori mbili na television mukubwa mu duka. Pale hakuna pombe, kuko chai na sambusa, na bantu banapiga kelele vilevile. Lakini Mama Vero eko na haya. Alikuwa anabakia mu mulango, kitambaa mu kinywa, mutoto akipangua balo, mama anarudia mbio ku mikate yenye anauzishaka.

Kifuniko akaona hapana, mama yangu hawezi kusimama mu mulango kama mutu mwenye anaomba. Akalipia dekoda ya mama. Na juu Mama Vero eko na kale katelefone ka torshi tu, mutoto anatumaka sauti ku telefone yangu, mi namusikilizisha mama.

Siku ile zilikuya sauti mbili. Ya kwanza: "Mama, bwana ya dekoda atakuya siku ya posho, ile mbele ya siku ya Mungu, nilishamulipa, utaangalia mu nyumba yako." Ya pili: "Mama, match ya siku ya Mungu nilishauza. Weye ikala tu mu kiti, uangalie."

Nilishauza. Nililipa, ni yako, ikala. Mama Vero alisikiliza mara tatu, anacheka na mukono ku kinywa.

Ile siku ya Mungu bakapigwa moya kwa sifuri. Balo ilipita chini ya mikono yake. Mvua ilikuwa inanyesha, balo iliteleza, hata mi (mara moya tu mu maisha yangu) iliniteleza.

Siku tatu kiisha, ile sauti ya pili iko ku television.

Ilifika kule namna gani? Telefone yangu ilikuwa ku kibanda fasi banachajaka. Mutu moya mwenye kofia nyekundu akafika, akasema ni yake, akaikamata. Akatuma ile sauti ya pili, akafuta zote mbili, akairudisha pale pale, akapotea.

Ku television bakaweka banaume ine mu makoti, mbele ya meza ya kioo. Bakapiga ile sauti, na chini yake bakaandika mu français ya kwamba golikipa anaambia mama yake alishauzisha match. Saa muzima! Moya anachora duara nyekundu ku mikono ya Kifuniko. Mwingine anauliza gari yake aliitoa wapi. Gari gani? Kifuniko anapandaka pikipiki ya bantu, akiikala nyuma na magoti inagusa masikio. Wa tatu anauliza eko na bachumba ngapi. Wa ine anaitika tu na kichwa, na ule njo alinikasirisha kupita bote.

Hakuna hata moya aliuliza: ule kijana anazuiaka namna gani? Anarukiaka muguu gani?

Na jana, wee, jana!

Jana tulijaa kwa Tata Hadji kuangalia match. Kifuniko hakucheza, bamemusimamisha mpaka komite iikale, eko ku tribune, fasi ya batazamaji, na koti ya mvua. Basi kamera ikaangalia nini? Tribune. Kifuniko anakunywa maji, tunaona. Kifuniko anajikuna sikio, bale ba makoti banaanza kueleza juu ya nini mutu mwenye zambi anajikunaka sikio. Wanaeleza, wanaeleza. Ghafla tunasikia stade yote inapiga kelele. Kamera inageuka mbio: kipa ya bale bengine eko chini, balo inalala ndani ya nyavu, bantu yetu banakumbatiana.

Tata Hadji akasimama na birika mu mukono.

"Goli iko wapi?"

"Ilishapita, Hadji."

"Ilipita wapi? Mi nililipia mupira, sikulipia sikio!"

"Nani alifunga?" mwingine anauliza.

"Pengine sikio."

Tulicheka, lakini ilikuwa kicheko ya hasira. Tukangoja barudilishe ile goli. Hawakuirudilisha. Balirudilisha sikio. Mara ine. Na pole pole, nabaambia! Goli ya équipe yetu, ya kwanza tangu majuma, sikuione na macho yangu. Namba ya mwenye alifunga tuliipata kwa mutu mwenye alikuwa ku stade, kwa telefone, na kule kelele ilikuwa mingi, mpaka sasa tunabishana kama ni namba saba ao namba kumi na saba.

Ile njo mupira banatupatia sasa. Bantu kumi na moya banakimbia mu mvua, na television inaangalia mwenye anaikala.

Na hawaone bitu inabakia huku nyuma. Bacreuseur banapita kila asubui ku meza ya Mama Vero, zamani balikuwa banauza mikate yake bila kuhesabu. Sasa baliamini maandiko ya television kupita masikio yabo, bakifika banasimama, banapiga jicho.

"Mama, ii mukate inauzishwa, ao ilishauzishwa kama match?"

Na banaenda, banacheka, kuuza kwa jirani. Mama Vero anafunika mikate na nailoni. Tangu juma mbili hakuimba mu korali, anasema koo inamuuma. Koo! Ule mama akiimba mabati ya Kanisa inatetemeka.

Leo, mu mvua, gari ya television ikafika hapa mu avenue yetu. Ikatoka kijana moya mwenye koti, na mwenye kamera nyuma yake. Kijana anasema Swahili safi kama sahani ya wageni. Akasimama mbele ya meza ya Mama Vero, akatabasamu.

"Shikamoo mama. Unauza mikate?"

Mama Vero akamuangalia.

"Hapana, mi siuze. Mi nauzisha. Weye njo utauza."

Kijana akacheka kidogo, akafikiri ni mazungumuzo ya bazee.

"Basi mama, naomba uniuzie mitatu."

"Mi nikuuzie? Juu ya nini? Nilikuzaa?"

Avenue yote ikalipuka. Bamama banashika tumbo. Creuseur moya akatoa kichwa mu shimo nyuma ya nyumba yake kuangalia nani alikufa. Na mi, mi nilikuwa nangoja ile fasi tangu siku kumi na mbili. Nikasogea, nikaweka mukono ku bega ya kijana.

"Mutoto wangu, ulisikia? Umemuambia mama ii akulipie mikate. Sasa fungua ile sauti ya Kifuniko mu kichwa yako, uisikilize tena."

Kijana akasimama. Kinywa ikabakia wazi, mvua inaingia. Nilimuona anasema ndani ndani: nilishauza, nilishauza. Akamugeukia mwenye kamera. Kiisha akamugeukia Mama Vero, na akakunja kichwa kama mutu mbele ya padri.

"Mama, alikununulia mechi?"

"Alininunulia," akasema Mama Vero na Swahili ya sahani, na macho yake ikajaa maji.

Ningetaka nifungie hapo. Ni fasi muzuri ya kufungia. Lakini kijana, kumbe, haiko mujinga. Akasema pole pole: ku studio hawatakubali ushahidi ya mikate. Batauliza ile sauti ya kwanza, yenye Kifuniko anasema alilipa dekoda. Na komite nayo njo inauliza vile. Balishamuambia Kifuniko: telefone yako unaweza kuitengeneza unavyopenda, tunataka ile yenye ilipokea.

Bote bakaniangalia.

Nikaeleza. Kibanda. Kofia nyekundu. Mutu mukubwa, anachechemea kidogo, jino moya ya zahabu. Alifuta yote.

"Tata," Mama Vero akaniuliza, bila kasirani yoyote, "ule mutu, haukumuuliza hata jina?"

"Alienda mbio, mama."

"Mwenye anachechemea?" kijana akauliza.

Nikasema mvua ni mingi, tuingie ndani.

Mu habari ya magaribi baliweka Mama Vero anapanga mikate, bila sauti, na juu yake mutu ya koti anasema familia haipendi kueleza. Haipendi kueleza! Alieleza na neno yake yote, mu avenue yote, na bo bakamukata ulimi! Nilitupa kiatu ku television. Ya kwangu, haiko ya Hadji.

Kiisha Mama Vero akagonga ku mulango wangu. Aliniletea mikate mbili mu gazeti. Anasema aksanti Tata, weye njo mutu peke yake mwenye alimusimamia mutoto wangu. Akarudi kwake, anapita kando ya matope.

Ile mikate iko hapa pa meza mbele yangu. Siikule.

Basi. Najua bamoya benu banasema ile balo ya Mutshatsha ni bongo, ni uongo. Ile ni kweli. Na gunia ya makala ni kweli, niliipikia majuma mbili. Kijana ya koti ni kweli, goli yenye sikuione ni kweli, sikio ni kweli.

Kibanda hakukuwa. Telefone yangu hailalaka inje ya mufuko yangu hata siku moya. Ile juma, siku nilisikia "nilishauza" nilijisikia mukubwa, nikafikiri bantu bote basikie namna mutoto mwenye nilifundisha anasema na mama yake, kama bwana, kama mutu mwenye alifika. Nikaituma mu groupe ya basupporter, bashabiki ya équipe, bantu mia na kitu, nikaandika chini yake: SIKILIZENI KIJANA YANGU. Ile ya kwanza sikuituma, juu ya dekoda haikuwa na utamu. Kiisha ikatoka pale, ikaenda, na mi nikanyamaza.

Zote mbili ziko humu ndani ya telefone. Hakuna mwenye alifuta. Ninapoandika hapa, ziko chini ya kidole yangu.

Natukana bale ba makoti tangu juma mbili, na haki yao banaipata, siitoe hata neno moya. Balikata kipande cha habari ya mutu juu ilikuwa na utamu kupita ile ingine. Lakini mwenye alikata wa kwanza haiko bo.

Kesho asubui mapema, mbele komite iikale, nitagonga kwa Mama Vero na telefone mu mukono, namusikilizisha zote mbili, na namuambia. Kama atanifunga mulango, nitaenda ku komite peke yangu, mu matope, na koti yangu ya ndoa.

Na kama atauliza tena jina ya ule mutu?

Hachechemee. Hana jino ya zahabu. Kofia nyekundu iko hapa ku musumari, inatona maji ya leo. Ni yangu.