Misumari Mdomoni mwa Baba

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu asubuhi ile ulipokaa barazani mbele ya kiti cha Mama, ikiwa imebaki safu moja tu ya misumari kupigwa mgongoni mwa kiti hicho.

Wateja walikuita Fundi Bubu. Ulipovalisha kochi kitambaa, misumari midogo ilikaa mdomoni, ukiusogeza mmoja mmoja kwa ulimi, mkono ukishika nyundo. Mteja akilalamikia bei, ulimtazama tu mpaka akajijibu mwenyewe. Nyumbani ndipo tulipopata maneno yote uliyoyalimbikiza mchana kutwa.

Hukumrudishia mtu kiti kinacholia, hata kama alikileta abadilishiwe kitambaa tu.

Vumbi la sufi, gundi, na sigara ulizoziacha ukiwa umeshachelewa vilikuachia ugonjwa sugu wa mapafu. Uliuzoea. Ulitia pampu yako ya kuvuta dawa mfukoni, ukapanda ngazi za karakana kwa kupumzika katikati, na kazi ilikwenda.

Kisha ukapata presha ya macho, ukapewa matone. Haikuchukua muda tukakuona unatema misumari kwenye kopo. Pua peke yake haikutosha tena. Mdomo uliuhitaji kwa kupumua. Shangazi alikwambia, "Kaka, hilo vumbi litakuzika. Funga kazi."

"Nikifunga nitashinda na nani? Na wewe?"

Lakini ngazi zilikushinda, ukafunga. Chumba cha karakana akakichukua muuza simu.

Vumbi liliondoka, kifua hakikupata nafuu. Kila ulipokwenda kliniki waliuliza, "Mzee, unatumia dawa gani nyingine?" Uliwatajia vidonge vyote. Hukuwaficha kitu. Kwetu sote, dawa ya macho ilikuwa ya macho.

Siku moja ulivua shati upimwe kifua, kichupa kikadondoka kutoka mfukoni, kikabingirika hadi kwenye kiatu cha daktari.

"Hiki cha nani?"

"Changu. Ya macho hiyo, daktari. Tangu lini jicho likapumua?"

Daktari hakucheka. Alieleza kwamba matone yale yana beta-bloka, jamii ya dawa zinazotuliza mapigo ya moyo. Zipo zinazolenga zaidi moyo, na wagonjwa wengi wa mapafu wenye maradhi ya moyo huzitumia salama, chini ya uangalizi. Hii haichagui: kutoka jichoni huingia katika damu, na kwa kifua kama chako huweza kubana njia za hewa. Alimpigia simu daktari wa macho ukiwa bado kifua wazi, ukabadilishiwa. Akatuonya pia kwamba mtu asiache dawa za jamii hiyo kwa kujiamulia, maana kuziacha ghafla nako kuna hatari yake.

Pumzi ilirudi pale ilipokuwa, si zaidi. Chumba hakikurudi. Ulikwenda kukitazama, ukaona simu zimepangwa palipokuwa meza yako, ukasema, "Haya." Hukupita tena mtaa ule.

Ukabaki na kiti kimoja, kile ulichomwahidi Mama tangu sisi wadogo, ukawa kila mara unakiacha na kukimbilia makochi ya watu. Misumari ikarudi mdomoni. Tukikuita usijibu, tulijua unapumua vizuri.

Halafu ikaja homa ya mapafu. Ulilazwa, ukaruhusiwa, ukarudi barazani kabla hujapata nguvu. Hatusemi matone ndiyo yaliyokuua; daktari hakusema hivyo. Tunachokijua ni kwamba yalikutoa kazini, na kwamba tulilisingizia vumbi peke yake. Anayesoma haya na ana mgonjwa wa kifua nyumbani, amtajie daktari kila dawa, hata tone la jicho.

Hutatutoka moyoni kamwe: dada yako, uliyemtania hadi mwisho, sisi wanao, wakwe zako na wajukuu, na Mama, uliyemtemea misumari kiganjani asubuhi ile, pumzi ilipokataa. "Nishikie kidogo," ulimwambia, ukaegemeza kichwa kwenye kiti chake.