Honi Kabla ya Baraka

Mamba, Same
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Eliamini,

Shikamoo, ingawa umenizidi miaka mitatu tu na mwenye ndevu ni mimi. Hapo Mwanza mnaendeleaje? Shemeji Asteria mgongo umepona? Huku tu wazima, tangawizi imekubali, ila moyo wangu umechacha.

Najua umesikia nina kesi. Achana na wambea, nisikilize mimi niliyekuwa mbele. Mwinjilisti wetu Fanueli alihamishwa bila sisi vijana kuulizwa. Jumapili ile tukaenda kanisani na bodaboda kumi na moja, tukasubiri watu watoke nje kwa ajili ya mnada wa mazao ya sadaka. Walipopanga duara, tukabonyeza honi zote kwa pamoja. Yangu ilisikika mpaka Bombo! Mchungaji akafunga kitabu, watoto wakaangua kilio.

Wenzangu wakatimka. Mimi nikatambulika, maana jina langu nimeliandika kwenye madigadi kwa rangi nyekundu. Nikashtakiwa kwa kuvuruga ibada.

Mahakamani nilijitetea mwenyewe, darasa la saba huyu huyu, mpaka karani akainua kichwa. Nikasema ibada ni ya ndani. Watu wakishatoka ni mnada, na mnadani kelele ni ruksa. Hakimu akaanza kutikisa kichwa kukubali. Ndipo akaitwa shahidi wa mwisho: bibi yetu Raheli, mzee wa kanisa.

"Bibi, ibada ilikuwa imeisha?" hakimu akamuuliza.

"Bado, mheshimiwa. Baraka hutolewa pale nje, kwenye duara. Huyu mjukuu wangu kapata kipaimara hapo hapo, anajua."

Kaka, sikujua! Miaka yote nilikuwa nachomoka kabla ya duara.

Nimetiwa hatiani. Adhabu itasomwa Alhamisi, na hakimu ametaja jela. Fanueli yuko zake kule Bendera alikohamishiwa, ananenepa, hajanipigia hata simu. Na bibi kaniulia kesi, halafu jioni kanipakulia makande kama kawaida. Simsemeshi. Naye haombi radhi; anasema angedanganya, Jumapili angeimba kwa mdomo gani?

Msalimie shemeji na kale katundu kenu Agatha. Mungu awafunike.

Ila nikifungwa, njoo. Magoti ya bibi hayapandi tena kutoka kisimani. Kuni nimempasulia za miezi mitatu, kimya kimya, nimezipanga ukutani. Maji hayapangiki hivyo, kaka.

Mdogo wako akupendaye, na jeuri yake yote,
Rodgers