Chapa Kwenye Masanduku

Singida, Tanzania
2 Mei 2024

Binti yangu Gumato,

Salaam aleikum. Leo ni tarehe mbili Mei, na mwezi huu natimiza miaka kumi na saba tangu nitoke Isiolo. Nilihesabu tena asubuhi nikinywa chai, nikidhani labda nimekosea, lakini hesabu ni ile ile. Wakati huo ulikuwa darasa la nne. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto hunipa habari za mvua kabla haijafika. Wewe hujambo? Nyanya yako hajambo, na kile kifua chake? Mwambie hapa upepo huvuma kama wa kwetu, na jioni ng'ombe hupita mbele ya nyumba yangu. Huwa natoka kuwatazama chapa za mapajani na alama za masikioni, kana kwamba kuna mmoja nitakayemtambua.

Barua yako imeniletea habari mbili. Ya kwanza ni arusi yako ya Desemba. Unataka nije mwenyewe nikukaangie kahawa ya baraka kwa samli, na unasema miaka imepita, nani ananikumbuka. Nilikuwa karibu kukubali. Nimeshonesha kanzu. Nimefikiria pia kaburi la mama yako, ambalo sijaliona.

Habari ya pili imenifanya niiweke ile kanzu chini. Unasema kampuni yenu imepewa kazi ya kuhamisha nyaraka za siri za lile shirika la amani, kutoka Isiolo hadi Nairobi, na wewe ndiye msimamizi. Sikuwahi kukuambia kwa nini niliondoka. Mliambiwa nilifuata kazi. Mwaka ule watu walipouawa kisimani, nilikuwa mwalimu wa shule iliyo karibu. Niliona pikapu iliyoleta risasi, na nikamwona aliyeiendesha. Jina lake siliandiki. Leo ni mkubwa, na umeshakunywa maji ya mabomba aliyoyazindua. Shirika lilipokuja kuchukua ushahidi nililieleza kila kitu, likaniahidi kwamba jina langu halitaonekana na mtu. Mwenzangu aliyeona pamoja nami alipatikana kwa sababu ya simu yake. Tangu alipozikwa mimi sina simu.

Kwa hiyo, mwanangu, katika mzigo wako mimi nimo. Usinipigie kwa simu ya jirani. Andika, na upeleke barua kwenye ofisi ya vifurushi ya basi kama kawaida.

Ni mimi, baba yako.


Isiolo
19 Mei 2024

Baba mpendwa,

Wa aleikum salaam. Mimi sijambo kwa mwili tu. Nyanya anakusalimu, kifua kinamsumbua asubuhi. Amesema unywe uji wa ngano, si wa mtama, kana kwamba uliondoka nyumbani jana.

Barua yako niliisoma chooni, mlango nimeufunga. Kisha nikaenda kazini nikatabasamu na watu.

Acha nikueleze tunavyofanya, ili ujue mahali nilipokosea. Nyaraka ziko kwenye masanduku ya chuma. Kila sanduku linafungwa sili ya plastiki yenye nambari. Ukiikata haifungiki tena. Nambari naandika mimi na mtu wa shirika, tunatia sahihi wote wawili. Lori lina kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa dereva wetu Mutwiri, mwingine kwangu. Hakuna jina popote. Nilijivunia hilo.

Siku ya kuhesabu stoo ilikuwa na vumbi na giza, nikaamuru masanduku yatolewe uani. Baba, uani, karibu na ua wa waya, na ilikuwa siku ya mnada. Wachuuzi wa ngamia wakapita. Mmoja akasimama akacheka. "Siku hizi mnauza masanduku pia? Lile la mwisho ni la kina Jillo wa Merti. Na lile la watu wa Garbatulla kule. Mnapangaje bei, kwa kutazama meno?" Wenzake wakaja kutazama, wakawa wanasoma chapa kama watoto wanaosoma ubao.

Mimi nimekulia mjini kwa watu wa mama, sikuwahi kujifunza kusoma chapa za ngamia. Nilikuwa nimeona ile michoro ya rangi nyeupe kwenye vifuniko nikadhani ni uchafu wa stoo. Mutwiri naye alidhani ni watoto wamechora. Ndipo nikaona moja ninayoijua: mistari miwili na nukta juu yake, ile uliyonichorea mchangani nikiwa mdogo, ukaniambia hii ni sisi.

Nilimwita Mzee Waqo, mtunza stoo tangu shirika lianze. Hakushtuka hata. Akaniambia kila bosi mpya alikuwa akibadilisha nambari, na familia zikija kuongeza maneno yeye hakujua alete sanduku lipi. Kwa hiyo kila familia aliiwekea chapa ya mifugo yake. Nikamuuliza kama hakuambiwa ni siri. Akanitazama kwa huruma. "Niliambiwa nisiandike jina la mtu. Wewe umeona jina wapi?"

Sikuweza kumkasirikia. Alitii amri kwa miaka yote hiyo.

Jioni hiyo hiyo nilipaka vifuniko vyote rangi nyeusi. Lakini macho yameshaona. Wanasema kesi ya kisimani inafunguliwa tena kwa sababu kuna aliyeiona pikapu ya risasi, na mawakili wa Nairobi wanangoja masanduku haya. Tangu juzi kuna kijana wa boda boda anayeegesha mbele ya geti na hachukui abiria. Mutwiri alimtania, akamwambia, "Kijana, hiyo pikipiki unaiuguza?" Hakucheka. Na watu wameanza kuuliza mjini: kati ya familia zile, ni nani aliyeiona pikapu?

Niambie nifanye nini. Tunaondoka mwezi ujao.

Mtoto wako,
Gumato


Singida
27 Mei 2024

Binti yangu,

Salaam aleikum. Natumaini hii inakukuta mzima, na nyanya pia. Mimi ni mzima, isipokuwa usingizi.

Ulifanya vizuri kupaka rangi, na ulifanya vizuri kutomgombeza Mzee Waqo. Namjua. Alikuwa akitambua chapa hata kwa kupapasa ngozi. Walimpa kazi ya kuficha akaifanya kwa maandishi pekee ambayo nchi nzima inayasoma. Kosa hilo angelifanya hata baba yangu.

Sasa sikia kwa makini. Kina Jillo wako Merti na watoto na mifugo, hawana pa kwenda. Wale wa Garbatulla vile vile. Walisimulia jinsi walivyofiwa, hawakuona gari. Mtu yule hajui hilo. Atakwenda mlango kwa mlango mpaka ahisi amempata. Wote waliosomwa pale uani mkono wake unawafikia, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ni mimi.

Ukibanwa, na ukiona mwingine ataumia, nitaje. Siri za watu wengine umekabidhiwa, si zako kuzitoa. Hii ni ya nyumba yetu. Lakini ukishasema, usirudi Isiolo. Kaa Nairobi, na nyanya afuate.

Baba yako.


Isiolo
8 Juni 2024

Baba,

Salaam aleikum. Tuko wazima. Naandika upesi kwa sababu basi linaondoka.

Sitakutaja. Unaniomba nikate mguu wako kwa mkono wangu. Nyanya nimeshampeleka kwa mjomba Nairobi, nimesema ni kwa ajili ya daktari wa kifua. Mimi nitafika na mzigo, sili zikiwa nzima, kisha utakuja Desemba. Samli nimeshaagiza.

Gumato wako.


Singida
26 Juni 2024

Binti yangu Gumato,

Salaam aleikum. Sijui kama uko salama, na sijui barua hii niipeleke wapi, basi naituma kwa mjomba wako.

Ulisema mwezi huu mnaondoka, na mwezi unaisha. Jana nilikwenda ofisi ya vifurushi mara mbili. Yule binti wa dirishani ameanza kutikisa kichwa nikiwa bado barabarani, kuniokolea hatua. Nilinunua gazeti nikalisoma lote, hata matangazo ya vifo, nikatafuta lori. Nilipokosa nilifurahi, kisha nikakumbuka kwamba watu wengi wa kwetu walikufa bila gazeti kujua.

Kuna kibanda cha simu hapa jirani. Nimesimama mbele yake. Bado nakumbuka jinsi mwenzangu alivyopatikana. Nikikupigia wakati umejificha, mlio wa simu utawaonyesha ulipo, na nitakuwa nimewaonyesha mimi. Nimerudi nyumbani.

Andika hata neno moja.

Baba.


Nairobi
30 Juni 2024

Baba yangu,

Salaam aleikum. Niko hai, na nyanya yuko hapa pembeni yangu, bado analalamikia lifti za hospitali. Barua yako imefika kwa mjomba. Nisamehe kwa kimya. Kila nilipoanza kuandika niliichana karatasi.

Tuliondoka Isiolo mchana, Mutwiri kwenye usukani. Alikuwa akinichekesha, akisema akifika Nairobi salama ataacha kutafuna miraa, na akifika bila salama ndiyo hataiacha kabisa. Tulipokuwa tunapanda ule mlima wa kwenda Subuiga, pale baridi inapoanza na mashamba ya ngano yanaonekana, tukakuta pikapu imekatiza barabara.

Watu waliokuwamo hawakugusa kufuli zetu. Walimtoa Mzee Waqo nyuma ya pikapu. Hakuwa na viatu, na shati lilikuwa limechanika. Nilidhani wanataka masanduku, lakini mmoja wao, mtu mtaratibu mwenye miwani, aliniambia nyaraka ni za mawakili, yeye hana haja nazo. Alisema familia zilizosomwa uani anazijua zote. Mzee amekataa kusema chapa ya aliyeona gari, kwa hiyo watatembelea wote, wataanza na Merti, na mzee atawaonyesha njia.

Mzee Waqo alinitazama akatikisa kichwa, kidogo sana, ili nisiseme. Baba, yule mzee alijua. Muda wote alijua ni sisi, na alikuwa amekaa kimya kwa ajili yako.

Mutwiri alinishika mkono. Nikafungua mlango nikashuka.

Nikasema, "Aliyeiona pikapu ni Mwalimu Guyo. Ni baba yangu. Wale wa Merti hawakuona kitu."

Yule mtu akavua miwani akaifuta. Akauliza uko wapi. Nikamwambia kama ningejua ningekuwa nimeshakufuata. Sijui kama aliamini. Akatabasamu kama mtu wa familia.

"Basi, tumesikia arusi yako ni Desemba. Mwambie akija kukaanga kahawa, wageni wa kwanza tutakuwa sisi."

Walituachia mzee barabarani wakageuza. Tulimpandisha katikati yetu, Mutwiri akampa koti lake. Tulipofika Nanyuki mzee akaniuliza kama sili hazijakatika. Nikamwambia ziko nzima. Akasema, "Basi kazi imefanyika," akalala begani kwangu.

Masanduku yamefika. Mawakili walikagua nambari moja moja, tukatia sahihi. Mzee yuko kwa mtoto wake Thika. Tumepeleka habari Merti na Garbatulla, na mpaka leo hakuna aliyewatembelea.

Nilisema sitakutaja. Nikakutaja. Siwezi kulala kwa sababu ya hilo, na siwezi kusema najuta. Niambie unanifikiriaje.

Binti yako,
Gumato


Singida
9 Julai 2024

Binti yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Barua yako ilifika jana, na yule binti wa dirishani aliipunga hewani kabla sijafika. Niliisoma nikiwa nimesimama. Goti halikuuma.

Unauliza nakufikiriaje. Nakufikiria ukishuka kwenye lile lori. Niliposema mimi mbele ya watu wa shirika miaka ile, nilikuwa mtu mzima na mlango ulikuwa umefungwa. Wewe ulisema barabarani, mbele yao. Lala, mwanangu.

Mzee Waqo mpelekee sukari na majani ya chai, umwambie chapa yake niliiona kutoka huku.

Arusi ifanyike Nairobi, kwa mjomba wako. Kahawa akaange yeye. Mbegu aziache ndani ya maganda yake, samli isiwe nyingi, na asikoroge kwa haraka. Zikipasuka ndipo aseme jina lako na la mumeo. Kanzu nimeikunja vizuri, nitaituma kwa basi la Ijumaa. Mvalisheni huyo kijana anayekuoa, kama itamtosha.

Nikiulizwa na mawakili nitasema tena niliyoyasema, kwa jina langu. Sasa hakuna cha kuficha. Kaburi la mama yako nakuachia wewe siku itakapokuwa salama.

Mimi Isiolo sitarudi.

Baba yako,
Guyo