Hodo Si Hodi

Saida, roho yangu,

Anayeandika ni Ifrah, binti wa mjomba wako. Mimi bibi yako, ayeyo kwa Kisomali chetu, kalamu naijua kwa kuiona tu. Nimemwapisha aandike kila neno, hata la kuniaibisha mbele yake.

Chumbani kwako, hapa mtaani Castle Vale, Uingereza, sasa analala mdogo wako Hawa. Daftari zako za Kijapani nimekataza zisitupwe. Nazifungua, natazama yale maandishi kama nyayo za kuku, nafunga.

Unakumbuka ukijisomea jikoni, mimi nafunga sambusa? Ukasema "hodo", nikaitikia "Karibu!" nikaenda hadi mlangoni na unga mikononi. Hakuna mtu. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Ayeyo, si hodi! Hodo ni kiasi cha." Ukanieleza: Mjapani akilinganisha haongezi mkia kwenye neno kama Mwingereza na "-er" yake. Refu linabaki refu, anasema tu upande wa huyu, kuliko yule, karibu kama sisi. Lakini ikija hodo, mwisho wa sentensi lazima ukane. Fulani si mwerevu kiasi cha fulani.

Nikakwambia, basi hiyo ndiyo yangu. Maana ndiyo niliyokulisha tangu mdogo. Saida hapiki kama Ifrah. Saida hana heshima kama Ifrah. Ifrah anasomea meno, wewe unasomea lugha ya watu wasiokujua. Ukacheka tena, na mimi mjinga nikadhani unafurahi.

Ila pale hospitalini... Ifrah, andika. Ulikuwa umekonda, midomo imekauka, nakulowesha kwa pamba. Ukanishika kidole. "Ayeyo, sema na mimi: Saida to Ifrah wa onaji." Saida na Ifrah ni sawa. Maneno matano tu. Nami nikajibu, "Aa, sisemi uongo kwa lugha nisiyoijua."

Nilidhani tunataniana. Nilidhani utarudi nyumbani. Ukageukia ukutani, na kesho yake ukaondoka.

Sijamwambia mtu hata mmoja. Wanaokuja kunipa pole wanasema, "Ulimpenda sana yule mtoto," nami nainamisha kichwa kama mwizi. Nilikupenda, wallahi. Lakini wewe ulikwenda na lile nililolisema.

Ifrah ameilowesha karatasi. Ananiambia kumbe kwao mama yake alimwimbia kila siku: Saida mchangamfu, wewe gogo. Alikuwa akikuonea wivu! Tazama tulivyowafanya, sisi watu wazima.

Juzi Hawa alileta matokeo ya shule. Mama yako akaanza, "Mbona mwenzako..." Nikamchapa kwa kitambaa cha vyombo, mtu mzima na mvi zake. Nakuahidi, mtoto wa nyumba hii hatapimwa kwa mtoto mwingine na mimi nikiwa hai.

Mungu akupanulie kaburi lako, mama. Msamaha siuombi kwa karatasi iliyoandikwa na mkono wa mtu mwingine. Nitakuja kuuomba mwenyewe.

Ayeyo wako