Darubini Isiyoanza Kazi Bila Kusalimiwa

Small Heath,
Birmingham.
12 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Hugues,

Kwanza ujue anayekuandikia ni mtu mkubwa. Siku hizi mimi kaka yako naendesha darubini iliyoko angani, juu kuliko ndege yoyote. Nikiiambia geuka, inageuka.

Basi, usiende kutangaza kanisani. Ni uongo. Anayeiendesha ni binti yako Nabintu na wenzake. Mimi kazi yangu ni kumpelekea chakula, fufu na sombe, kila Ijumaa, kwa basi hadi kazini kwake Selly Oak, kisha nakaa kwenye kiti cha pembeni naambiwa nisiguse kitu.

Hujambo lakini? Kifua kimepoa? Goti la shemeji Rosalie linakunjika? Sisi huku wazima, ila meno yangu yamebaki manne, nayo hayaonani.

Najua ukiliona jina la Nabintu utataka kuikunja barua. Mwaka na nusu hujajibu ujumbe wake hata mmoja, kwa kuwa ulishawatangazia watu unasomesha daktari, naye akachagua nyota. Usikunje. Soma.

Nilimwuliza kwa nini walirusha chombo kizuri vile huko juu badala ya kukiweka kilimani. Akasema kinatazama eksirei, zile zile za hospitali, ila hizi zinatoka kwenye nyota zilizolipuka, na hewa yetu haizipitishi. Zinafika punje moja moja, Hugues. Punje imeondoka kwao kabla babu wa babu yetu hajazaliwa, imetembea peke yake gizani, halafu inadondoka mikononi mwa mtoto wako kama mgeni aliyeuliza njia dunia nzima. Nikiwaza hayo ndani ya basi, napitiliza kituo.

Tena chombo kina adabu! Kila kikipita juu mahali kinapoweza kusikika, hawakipi amri moja kwa moja. Kwanza wanakijulia hali: betri ikoje, joto je, umeelekea wapi? Kikisema ni kizima, ndipo wanakiuliza habari. Na hao ni Wazungu, wenzake jirani yangu Brigid anayenisalimu kwa nyusi tu.

Mwezi uliopita kilinyamaza. Siku tatu, kimya. Na kuna mwanafunzi, Reena, Mhindi ambaye babu zake walitoka Kisumu, alikuwa anangoja picha za nyota moja ili amalize masomo, na nyota yenyewe inafifia, haimngoji mtu. Akawa anaandika kila saa. Kuwajibu watu kama hao nayo ni kazi ya Nabintu.

Nikamwambia, “Mjibu kwamba mashine imekufa, tule.”

“Haijafa, baba mkubwa. Imenuna tu.”

Akaisalimu tena. Kila ilipopita aliisalimu, bila hasira, kama mkwe mwema.

Ijumaa, kijiko kiko mdomoni, mstari ukatokea kwenye kioo cha kompyuta: betri ni nzima. Niliruka, sombe ikatapakaa mezani. Reena akapata nyota yake. Nabintu akalia, nikadhani ni furaha.

Akasema, “Hata hiki kimejibu.”

Nikafuta meza.

Nisalimie Rosalie, na mtoto Sagesse umwambie aache kurefuka, nguo nilizomnunulia hazijafika. Mungu awafunike kwa kiganja chake, na mvua ya Kalemie iwanyeshee kwa kiasi.

Sasa, deni langu. Siku ile ulipoifungua redio ya baba kumtafuta mtu anayesemea ndani, nani alichapwa? Mimi, na sikukutaja. Miaka hamsini na saba sijadai. Binti yako bado anamtafuta mtu yule yule uliyemtafuta wewe. Leo nadai: mtumie salamu. Usimwulize ndoa, usimwulize udaktari. Mwulize tu ameamkaje, kisha utulie, usikilize.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, ingawa fimbo ile naisikia hadi leo,

Sylvestre